Nani alikulipa mlimani?

Mangi wangu,

Jumapili ulipocheka mpaka simu ikakatika nilijua hili la kuandika, siyo la vocha. Uliniuliza, "Yaani Marekani, nchi ya dola, wewe unazima moto bure?" Ndiyo, bure. Hata mafuta ya gari la kunifikisha kituoni najaza mwenyewe.

Huku kwetu ni kaskazini mwa jimbo la New York, mbali sana na lile jiji la kwenye sinema. Ni ng'ombe wa maziwa, mahindi ya silaji na barabara ndefu. Askari wa zimamoto wa mshahara hatuna. Tuna jengo la bati lenye magari matatu, na fundi bomba, dereva wa basi la shule, wakulima, bibi mmoja mstaafu, na mimi mkamua ng'ombe. Nchi hii kubwa, karibu theluthi mbili ya wazima moto wake ni watu wa namna hiyo, wa kujitolea. Tena wanapungua: mwaka 1984 walikaribia 900,000, mwaka 2020 hawakufika 680,000.

Mimi walinitaka kwa sababu moja tu, nakamua usiku. Mchana vijana wote wako kazini mjini, na moto haungoji watu watoke kazini. Mzee mmoja wa kituo alinikuta dukani saa nne asubuhi nanunua mkate, akauliza, "Wewe mchana unafanya nini?" Nikamwambia nalala. Akasema, "Basi upo." Nilikuwa na miaka mitatu hapa, na huyo ndiye mtu wa kwanza kufurahi kwamba nipo.

Kilichoniuma ni ndevu. Ndiyo, zile. Barakoa ya mtungi wa hewa lazima ikamate ngozi, nywele zikiingia katikati moshi nao unaingia. Nimezinyoa. Wakanifundisha miezi, jioni na Jumamosi. Suruali tunaiacha imekunjwa juu ya buti, vimesimama sakafuni kama mtu aliyeyeyuka humo ndani; king'ora kikilia unatumbukiza miguu, unavuta juu, umeshavaa. Begani kuna kidude kinachopiga kelele ukikaa sekunde 30 hujatikisika, wenzako wajue umeanguka. Siku ya kwanza nilisimama kumsikiliza mwalimu kwa adabu zetu za shule ya msingi, kikalia. Darasa zima likanigeukia.

Sasa sikiliza moto wenyewe. Julai, saa nane mchana, banda la majani. Ukifunga marobota kabla hayajakauka vizuri, yanachemka yenyewe kwa ndani, siku hata wiki kadhaa, wala hakuna aliyewasha kiberiti. Nje unaona moshi mwembamba na unasikia harufu kama ya tumbaku tamu. Ukilipasua robota, ndani jeusi, hewa ikiligusa linalipuka. Kwa hiyo unamwaga maji, trekta linalitoa moja, linalitawanya shambani, mnalilowesha, mnarudia. Tulimaliza alfajiri. Ng'ombe walikuwa wametolewa wote, wamesimama malishoni wanatutazama.

Lakini mimi sikuwa kwenye moto, nilikuwa kwenye maji. Mashambani hakuna bomba la zimamoto barabarani. Maboza yanapishana, kila moja linamwaga kwenye bwawa la turubai, lita kama 7,500, pampu inavuta humo, nayo maboza yanajazwa kwenye bwawa la samaki la jirani. Kazi yangu ilikuwa kushusha mpira wa kuvutia maji pale bwawani na kuufunga kamba, kichujio kisiguse chini. Nikaufunga vibaya. Kikazama kwenye tope, pampu ikakohoa, ikakata. Boza mbili zimepanga foleni, juu kule wenzangu wana mipira mikononi, na mimi nimepiga magoti kwenye matope nachokonoa majani na mayai ya chura kwa vidole. Dakika ngapi sijui. Mkuu wetu hakusema neno, akanishikia tochi tu. Kesho yake nilikwenda kituoni peke yangu, nikafunga na kufungua ile kamba mpaka mikono ikajua.

Ukauliza pesa za magari zinatoka wapi. Kodi kidogo, na chapati za maji. Sikutanii! Zao nene, wanazimwagia sharubati ya utomvu wa mti, na Jumapili moja watu wanajaa kituoni kula, wanalipa, wanaongeza. Halafu kuku wa kuchoma, halafu bingo. Mwanzoni niliona ni mchezo wa wazee. Siku hizi nikishika mpira mpya wa maji najua umetokana na sahani ngapi.

Na kina mama na wazee wanaosimamia hilo jiko wengi ni haohao wa Lions, kile chama cha kujitolea kilichoanzia Chicago mwaka 1917. Kina ofisa anaitwa Msokota Mkia, kazi yake kuwatoza wenzake faini za utani: umechelewa, dola, picha yako imetoka gazetini, dola. Ungepewa wewe cheo hicho kijiji kizima kingehama. Lakini nimewaona wakimjengea bibi mmoja njia ya kiti cha magurudumu kwa Jumamosi mbili, mbao na misumari ya kwao. Huo ni msaragambo, Mangi, ile kazi yetu ya pamoja ya kijiji, umevaa kofia ya njano. Hata hili la moto, Benjamin Franklin na wenzake walilianzisha Philadelphia mwaka 1736 kwa ndoo za ngozi na mifuko ya kuokolea vyombo, kila mwanachama na zake, kama wetu wanaokuja msibani kila mtu na sufuria.

Na wewe unayecheka: Oktoba 2020 moto ulipoanzia Whona ukapanda mlima Kilimanjaro, ulikuwa wapi? Ulipanda na mamia ya watu, mnapiga moto kwa matawi, ukashuka nyusi zimeungua na viatu vya kaka yako vimeisha soli. Nani alikulipa? Ulinitumia ile picha, nilikuwa bado na wiki mbili tu huku, nikaitazama chumbani peke yangu nikaona aibu kuwa mbali. Wewe ndiye uliyenianzishia haya.

Jambo la mwisho. Hao Lions wana masanduku ya kukusanya miwani iliyotumika, moja liko benki, moja posta. Helen Keller ndiye aliyewaomba mwaka 1925 washughulikie macho, na hawajaacha. Nilimwuliza mhazini kama naweza kumchukulia mama yako pale sandukuni, akacheka: kwanza hupelekwa ikasafishwe na kupimwa nguvu ya vioo. Kasema nilete vipimo, atanisaidia kuulizia. Basi mpeleke mama hospitali ya KCMC wiki hii, siyo mwezi ujao ninavyokujua, upige picha karatasi ya daktari, namba zote zionekane, na ile ya umbali kati ya mboni usiisahau. Mwambie fremu atakayoletewa huenda ikawa ya kizee cha Kimarekani.

Mimi yule yule, sina ndevu.