Mama, Wajukuu Wako Wanasoma

St. Paul, Minnesota
Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote hapo Marangu. Sisi huku hatujambo, ni baridi tu inayotubana. Maziwa yote yameganda, watu wanapita juu yake na magari yao kama vile wako barabarani. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu swali uliloniuliza Jumapili halijibiki kwa simu, hasa wakati watoto wananyang'anyana kuongea na Bibi.

Uliuliza kwa nini wajukuu wako hawaendi shule, na sauti yako niliisikia. Mtu aliyefundisha darasa la kwanza miaka yote ile ana haki ya kuuliza, nami nina wajibu wa kujibu kinaganaga.

Wanasoma, Mama. Wanasomea nyumbani, na sheria inaruhusu. Huku Marekani jambo hili ni halali katika majimbo yote 50, ila kila jimbo lina masharti yake. Hapa Minnesota sheria inaanza kumhesabu mtoto akitimiza miaka 7. Mzazi anayefundisha mwenyewe anapeleka taarifa kwa msimamizi wa shule za eneo lake kabla ya tarehe 1 Oktoba, na kila mwaka mtoto anafanya mtihani wa upimaji unaolinganishwa na watoto wa nchi nzima. Masomo yametajwa: hesabu, sayansi, historia, jiografia, uraia, afya, mazoezi ya mwili. Kilichonifurahisha ni kwamba sanaa hawakuitupa mkiani, wameiweka fungu moja na kusoma na kuandika. Mkubwa ametimiza 7, kwa hiyo jina lake liko kwao. Mdogo ana miaka 5, anamfuata kaka yake katika kila kitu, na siku nyingine anamtangulia.

Mdogo wangu wa hapo Moshi mjini alipoandika kwamba naye anataka kumtoa mwanawe shule, nilimkataza. Huko sheria ya elimu inataka mtoto aliyefikisha umri wa darasa la kwanza aandikishwe, na mimi sitaki kumwingiza matatizoni. Lakini jioni ni yake, na likizo ya Juni ni yake. Mengi kati ya haya ninayokueleza anaweza kuyafanya hapo hapo uani kwake, kwa magazeti ya zamani na udongo.

Asubuhi ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, hapo sina mzaha. Kusoma tunaanza na Kiswahili: ba, be, bi, bo, bu, vile vile ulivyotufundisha sisi. Kiingereza kinakuja baadaye, na hakijawapa taabu. Nimenunua kauntabuku, nikapiga mistari, nikaandika azimio la kazi la muhula mzima kama yale ya kwako uliyokuwa ukiyaandika usiku kwa taa ya chemli. Baada ya KKK siku inayobaki ni ya mada, na mada moja inakaa kwetu wiki nyingi. Nimeona walimu wa nyumbani wanaobadilisha mada kila Jumatatu: wiki hii wadudu, wiki ijayo sayari, wiki nyingine mabara. Watoto wao wana majalada mazuri sana, lakini ukiwauliza kitu cha mwezi uliopita wanakutazama tu. Mimi nimeamua mada ziwe chache, na tuzichimbe.

Mada iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ni mlima wetu, Kilimanjaro. Mkubwa aliuliza, "Mlima wa Bibi una urefu gani?" Nikamwambia Kibo, kilele chake kirefu kuliko vyote, ni mita 5,895. Akaiandika, lakini nikaona usoni kwake kuwa namba ile haijambebea chochote. Tukakubaliana kila mita 100 ziwe sentimita moja. Akachukua futi yake, akapima ukutani na kuweka alama kwa penseli: Kibo sentimita 59, na Mawenzi, kilele cha pili chenye mita 5,149, sentimita 51 na nusu. Halafu akataka kujua kwako ni wapi. Lango la hifadhi pale Marangu likaangukia kwenye sentimita 18 au 19, na nyumba ya Bibi ikawekwa chini kidogo ya hapo, na kibendera. Moshi mjini sentimita 8 na ushei. Mwisho akaniuliza mlima mrefu kuliko yote wa huku. Unaitwa Eagle Mountain, una mita 701. Alipoweka alama kwenye sentimita 7 alinyamaza, akapima tena, akarudia namba kwa sauti. Kilele kirefu kuliko vyote katika jimbo hili lote hakifiki stendi ya Moshi! Alicheka mpaka akakaa chini. Jioni akamweleza baba yake, kesho yake akamweleza jirani, na wote wawili akawapeleka ukutani waone kwa macho yao. Mama, umefundisha vipimo miaka mingi. Unajua ni watoto wangapi wanaofika darasa la nne hawajaielewa skeli.

Kisha tukaujenga. Tulianza na boksi na magazeti yaliyoviringishwa na kubanwa kwa gundi ya karatasi. Juu yake tukabandika vipande vya magazeti vilivyolowekwa kwenye gundi ya unga. Mpe mdogo wangu maelezo haya kama atataka: kikombe kimoja cha unga wa ngano ukoroge kwanza kwa maji baridi usifanye madonge, kisha umimine maji ya moto huku ukikoroga, uchemke hadi uwe uji mwepesi. Tia chumvi ili usiote ukungu. Tabaka moja likauke kabisa kabla ya kubandika lingine, maana ukiharakisha unyevu unabaki ndani na kitu chote kinaoza. Hapo ndipo watoto walipojifunza kungoja. Kila asubuhi mdogo alikuwa anaamka kwenda kuugusa mlima kwa kiganja kabla hata ya kunawa uso.

Kupaka rangi ndiko kulikokuwa na jiografia yenyewe. Chini vihamba, yale mashamba yetu ya migomba na kahawa, juu yake msitu, kisha vichaka na nyasi za baridi, kisha jangwa la mawe, kisha barafu ya Kibo. Kila ukanda wanautafuta kwanza kwenye picha, wanapima unapoanzia, ndipo wanachanganya rangi. Rangi siwanunulii nyingi. Wana nyekundu, njano, bluu, nyeusi na nyeupe, nyingine wazitengeneze. Unakumbuka siku uliyotembea na simu kihambani, ukaliinua jani la mgomba likapitiwa na jua? Wewe ulidhani wanakuonea hamu tu. Mdogo alikuwa na kisahani mkononi, na kijani alichochanganya kilikuwa kizito, cha msituni. Alipoliona lile jani alisema, "Bibi, usiondoke," akaongeza njano, akalinganisha na kioo cha simu, akaongeza tena. Alipoacha, mlima wake ukawa na kijani cha aina mbili, cha migomba chini na cha msitu juu, na mpaka kati yake uko pale pale kaka yake alipopima. Sikumwambia neno lolote. Hilo ndilo ninaloliita somo, kwa sababu sanaa ile haikuwa pambo la kubandika juu ya jiografia. Bila kuchanganya ile rangi, asingeona kwamba mlima hauna kijani kimoja.

Nina sheria moja ambayo siivunji: mkono wangu haugusi kazi zao. Mawenzi imeinama. Mgeni mmoja alishauri niinyooshe kidogo ili ipendeze, nikamkatalia. Mtoto wa miaka 5 aliijenga baada ya kuitazama Mawenzi kwenye picha, na yale mabonde na vilele vyenye ncha alivyoviona yeye vimo. Nikiinyoosha, nitakuwa nimemwambia kuwa jicho lake halitoshi. Kwa sababu hiyo hiyo situmii zile picha zilizochapwa za kupaka rangi ndani ya mistari. Zinamtuliza mtoto, sikatai, lakini kuangalia ameshafanyiwa na mtu mwingine.

Na vidole, Mama! Huyu mdogo alikuwa anaishika penseli kwa ngumi. Sikumlazimisha kuandika. Nilimpa udongo wa kufinyanga, mkasi, magazeti ya kuchana, shanga za kutunga. Alifinyanga herufi za jina lake kabla ya kuziandika, akazipitisha kidole huku akizitamka. Hayo hukuyahitaji kusomeshwa na mimi. Wewe ndiye uliyenieleza habari za Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kufundishia watoto kule Roma mwaka 1907, akawapa watoto herufi za kupapasa. Sasa anashika penseli kama mtu mzima na anaandika majina yenu wote.

Labda unasoma haya na kuona hakuna jipya. Na kweli ni ya kwako. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, alitaka mtoto wa shule ya msingi ajifunze kwa kutenda, aondoke na elimu iliyokamilika hata kama haendi sekondari. Najua kwingine iligeuka kuwa kulima shamba la shule, kisha kurudi darasani kukariri ubaoni. Kwako haikuwa hivyo, nilikuwa mwanafunzi wako. Tulipima matuta ya mnafu kwa kamba yenye mafundo, tukahesabu miche ya kila mstari, tukazidisha, tukachora bustani nzima kwenye karatasi za manila, na ulizitundika zote, hata za waliochora vibaya. Zana zako zilikuwa vizibo vya soda, vijiti na mbegu za maharage kwenye kopo la Blue Band. Miaka yote hii sijaona zana bora kuliko zile. Ninapofundisha, nakuiga wewe.

Ulitaka kujua pia kama hawatakuwa wapweke. Kila wiki tunakutana na familia nyingine zinazofundisha nyumbani, watoto wanacheza na kufanya kazi za mikono pamoja. Maktaba ya mtaa ni bure na ina saa ya hadithi. Safari iliyopita watoto wangu ndio walioongoza: walichora mtindo wa Tingatinga. Mkubwa aliwaeleza wenzake kwamba Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini, upande wa Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwenye mbao nyembamba za mraba, kwa rangi za mafuta kama zile za kupaka baiskeli. Watoto wa Kimarekani wakachora chui na kanga wenye madoa, kila mmoja wa kwake. Siku ile nilijisikia fahari isiyo kifani.

Kuhusu kazi usiwe na hofu. Nafanya zamu za wikiendi, baba yao anabaki nao, na siku za katikati ni za kwangu na watoto. Fedha zimepungua, ni kweli, ila tunaishi.

Sasa nina ombi, na hili nataka ulichukue kama mwalimu. Mada yetu kubwa ijayo ni kahawa, na siwezi kuifundisha bila wewe. Mimi huku ninaweza kuwaeleza kwamba KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, iliandikishwa mwaka 1933, kwamba mnada wa kahawa uko Moshi, na kwamba kupata kilo moja ya kahawa safi inabidi uchume kilo tano hadi sita za kahawa nyekundu. Lakini mti wenyewe uko kihambani kwako. Naomba uchague tawi moja la mti ulio karibu na mlango, ulifunge kitambaa, na kila mwisho wa mwezi umwambie kijana wa jirani alipige picha tawi hilo hilo na kunitumia kwa WhatsApp. Sasa hivi najua kuna punje za kijani tu, haidhuru. Watoto watalichora kila mwezi mpaka msimu wa kuchuma utakapoanza Julai, na watahesabu punje zilizobaki.

Kuchuma kukianza, nirekodie sauti yako ukieleza hatua zote: kumenya kwa mashine ya mkono, kuvundika, kuosha, kuanika chanjani. Sema polepole, na majina ya Kichagga uyaseme pia. Tena, kama kile kitabu cha marehemu Baba cha mauzo ya kahawa chama cha msingi bado kipo sandukuni, nipigie picha kurasa chache. Nataka mkubwa ajumlishe kilo za babu yake badala ya kujumlisha machungwa ya kwenye vitabu.

Kitambaa chochote kitafaa, mradi kiwe cha rangi kali kionekane kwenye picha. Fedha kidogo ya kijana wa picha nitaituma kwa mdogo wangu Ijumaa, na ya dawa zako za presha humo humo.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani na majirani wa kihamba cha juu. Watoto wanasema shikamoo Bibi.

Mimi mwanao akupendaye