Barua kwa mwanangu: ile shashi

Mwanangu,

Mdogo wako ameniambia habari ya shashi. Usimgombeze, nilimbana mimi, na unajua hawezi kuficha kitu nikimtazama usoni. Kasema umenunua pakiti nzima ya vile vitambaa vya kufungia vidonda, unataka ujitie kimoja ukeni kisha mtoto akitolewa apakwe nacho, ukamwomba siku ya upasuaji aingie nayo wodini ndani ya mkoba wake kwa sababu wauguzi wangekataa. Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Kama ni jambo la heri kwa mtoto, wauguzi unawaficha nini?

Nisikilize. Kondo lako limekaa chini, limeziba mlango wa kizazi. Ndiyo sababu unapasuliwa, si kwa kuwa umeshindwa kitu. Mama mwenye kondo la namna hiyo, hata mkunga hathubutu kumpima kwa kidole, sembuse wewe ujitie kitambaa ukeni ukae nacho saa nzima kikinywa majimaji. Nimefanya ukunga miaka 31. Damu ya kondo haitangulizi maumivu. Inakuja kimya, na ikija inakuja nyingi. Usiingize ile shashi.

Ulichokisoma nakijua, nami nimekisoma, miwani ya baba yako puani mpaka saa nane za usiku. Kwamba mtoto anayepita njia ya kawaida anatoka amepakwa vijidudu vya mama yake, wa upasuaji anavikosa, kisha anakua na pumu na mizio. Ingekuwa uongo mtupu ningekucheka, tukamaliza. Lakini ni kweli, waliozaliwa kwa upasuaji wanaonekana kupata pumu zaidi kidogo kuliko wenzao. Ila mama aliyepasuliwa naye ana mambo yake: pengine alikuwa mgonjwa tangu mwanzo, amechomwa antibiotiki, mtoto kachelewa kunyonya, au kazaliwa kabla ya siku zake. Kusema kosa ni la vijidudu peke yao ni kazi ngumu, na wewe umeshalihukumu tumbo lako kabla halijafunguliwa.

Tena lile jaribio la Puerto Rico la mwaka 2016 unalomtajia mdogo wako, umehesabu watoto waliopakwa? Wanne. Na mama zao walipimwa kwanza magonjwa. Kilichoonekana ni kwamba vijidudu vya wale watoto vilikaribiana kiasi na vya watoto waliozaliwa kwa njia ya kawaida. Kwamba waliumwa kidogo kuliko wengine, hilo halikupimwa. Mwaka uliofuata chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani kikashauri jambo hilo lisifanywe nje ya utafiti. Wanaogopa nilichokuwa nikikiogopa mimi kila zamu: mwanamke anaweza kubeba bakteria waitwao streptokoka wa kundi B asihisi hata muwasho, au malengelenge ya sehemu za siri, au kisonono. Kwake kimya, kwa mtoto wa siku moja yanaweza kuwa maradhi ya kumwondoa. Wewe umepimwa vyote hivyo? Hujaniambia.

Sasa hili ndilo lililonifanya nivue miwani nicheke peke yangu. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya choo cha watoto karibu 600. Wale wa njia ya kawaida, bakteria wa matumboni mwao hawakuwa wametoka ukeni kwa mama. Walitoka utumboni mwake. Yaani ni mavi, mwanangu. Wakati wa kusukuma kila mkunga anajua kinachotoka pamoja na mtoto, tunafuta tu, hatusemi. Shashi yako, hata ingekuwa salama, imeelekezwa mlango usio wake. Wa upasuaji kweli walipungukiwa, hasa wale bakteria waitwao Bacteroides, na badala yake wakawa na wengi wa aina zinazozoea hospitali. Lakini walipofika miezi 6 hadi 9 tofauti kubwa ilikuwa imeshafifia. Kuna watu wanaotaka kumpa binti yangu kilio cha maisha kwa kitu ambacho kwa sehemu kubwa hakimalizi mwaka.

Na nikikwambia hivyo usigeuke ukaenda kutafuta hayo mengine! Nakujua. Kule Ufini walijaribu kuwapa watoto wa upasuaji kinyesi cha mama, kidogo sana, kimechanganywa na maziwa. Walianza na akina mama 17, baada ya vipimo wakabaki 7. Madaktari wazima, na maabara zao, wamewaacha zaidi ya nusu. Wewe una pakiti ya shashi na simu.

Najivunia kwamba unasoma. Hilo nalisema mbele ya watu, baba yako ni shahidi, ingawa kwako silisemi. Ila unasoma kama mtu anayetafuta kosa lake liko ukurasa gani. Ulipokuwa mdogo ulisoma vivyo hivyo karatasi za ndani ya dawa. Na hapo najua utaniuliza zile antibiotiki za masikio nilizokuwa nikikupa utotoni, mara ngapi kwa mwaka. Zilikuwa nyingi. Si kila mara nilimngoja daktari, chupa zilikuwepo kabatini. Tuliache.

Nguvu hizo za kupenyeza shashi zipeleke kwenye kifua chako. Waambie mapema, leo, kabla hujapanda kitanda, kwamba unataka mtoto awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, hata wakiwa bado wanakushona, ikiwa nyote wawili mko salama. Ngozi yako ina vijidudu vyake, navyo ni vyako. Ukiweza kumnyonyesha ndani ya saa ya kwanza, mnyonyeshe. Usikamue dang'a, yale maziwa ya kwanza, kuimwaga eti ni chafu, ina kinga ambazo yeye bado hajui kujitengenezea. Na maziwa yenyewe, hapa nitakupa kitu cha kusoma badala ya vile vya usiku: ndani yake mna sukari za aina zaidi ya 100 ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya kabisa. Mama anachoka kutengeneza chakula ambacho mwanawe hali! Wanaokula ni bakteria, hasa bifidobakteria, wale ambao daktari Mfaransa Henri Tissier aliwaona kule Paris mwishoni mwa karne ya 19 kwenye choo cha watoto wanaonyonya. Wakishiba wanatoa asidi, na katika asidi hiyo wabaya wengi hawastawi. Mtoto wa upasuaji naye ana tumbo la kuwapokea. Hawaulizi alitokea mlango gani.

Usiniulize wewe ulinyonya miezi mingapi. Kazi ilikuwa ile, na zamu za usiku hazikuwa na chumba cha kukamulia.

Mtoto asioshwe siku hiyohiyo, ngojeni saa 24. Sisi tulikuwa tukiwaosha kabla mama hajawaona sawasawa, wanalia kwa baridi, tukijisifu wodi inanukia sabuni. Beseni nilikuwa nalishika mimi. Nimewafikiria wale watoto wiki hii kuliko nilivyowafikiria miaka yote 31.

Sindano ya antibiotiki kabla ya kisu usiikatae. Naona unavyoelekea, utasema itaua wazuri. Itaua baadhi, ndiyo, na itakuzuia kuoza kidonda na kizazi. Mama mwenye homa wodini hanyonyeshi vizuri. Na zikimalizika siku zako za kulazwa, usimpe mtoto dawa yoyote ya chupa bila kuandikiwa. Hili nalisema nikiwa najua ninachosema.

Kitanda nimekipiga rangi, kiko uani kinakauka, bado kinanuka kidogo, kwa hiyo kisiingizwe chumbani wiki hii. Fundi wa bomba kaja mara mbili, linavuja palepale. Baba yako anataka nikuulize kama lile sanduku la vitabu vyako litolewe chumbani au lifunikwe tu, maana nitalala humo nikija. Nitakuja siku mbili kabla. Usiniandalie kitu. Mashuka nabeba yangu, na nguo za mtoto nimeshazifua mara moja, kwa sabuni isiyo na marashi, usizifue tena.

Ukiona damu, hata tone, hata usiku, hata kama hakuna kinachouma, usinipigie mimi kwanza. Nenda hospitali, halafu unipigie ukiwa huko.

Vinginevyo nipigie ukishasoma hapa. Ya kitanda na sanduku tutaongea baadaye. Nataka unijibu moja tu: ile pakiti iko wapi? Mdogo wako anasema hajaiona tangu jana.

Mama yako