Mnenguaji siyo changudoa, mhariri itazameni tena ile filamu

Mhariri, salaam. Jumapili iliyopita nilisoma ukurasa wenu wa burudani pale mlipoandika kuhusu filamu za mapenzi za zamani, mwanzoni nikafurahi kabisa kuona mmeikumbuka The Prince and the Showgirl ya mwaka 1957, ile ya Marilyn Monroe na Laurence Olivier, maana watu wanaoijua sasaivi ni wa kuhesabu. Ila nilipofika pale mlipomuita Elsie, yule mnenguaji anayechezwa na Marilyn, changudoa wa jukwaani aliyepata bahati ya kuonja maisha ya kifalme nikalikunja gazeti nikaliweka pembeni. Nimekaa na hilo neno moyoni siku tatu nzima ndo nimeamua niandike.

Dada yangu mkubwa alikuwa mnenguaji. Bendi ya dansi, miaka ya 90, hapahapa Dar. Nilikuwa nalala chumba kimoja naye kwahiyo najua, anarudi alfajiri miguu imevimba anaikanda na maji ya moto yenye chumvi, mchana anashona sare ya shoo ya usiku kwa mkono wake, na hela ile ndo ilinilipia ada mimi. Na wale mabosi wa meza za mbele walikuwa wanamtumia mhudumu aje amwambie kuna kasherehe kadogo mahali baada ya shoo, watu wengi tu karibu, anafika anakuta meza imeandaliwa ya watu wawili. Anageuza anarudi nyumbani.

Sasa mhariri hicho ndo kipande chenyewe kinachoanzisha filamu! Ni London, Juni 1911, mji umejaa wafalme na wana wa wafalme waliokuja kwenye kutawazwa kwa Mfalme George wa Tano. Charles, anayekaimu ufalme wa nchi ya kubuni ya Carpathia kwa niaba ya mtoto wake, anaenda tieta, anamuona Elsie Mmarekani wa kundi la wacheza shoo, anamualika ubalozini. Elsie anajua anaenda pati. Anakuta meza ya wawili. Anataka kuondoka palepale, afisa mmoja wa serikali ya Uingereza ndo anambembeleza abaki, yani anaombwa abaki kwa faida ya siasa za watu wengine. Alafu mwenyeji mwenyewe anashinda kwenye simu mambo ya nchi yake, huku binti wa watu anakula peke yake, anajimiminia mwenyewe, anaongea mwenyewe. Marilyn pale hana mtu wa kuigiza naye na bado huwezi kutoa macho kwake. Nimeirudia mara nyingi sana hiyo sehemu.

Na huyo mnayemuona hana akili ndo pekee anayesikia mambo mle ndani. Anajua Kijerumani na hakuna aliyejua kama anajua, kwahiyo mtoto wa Charles, yule mfalme kijana Nicolas, anapanga kwenye simu, kwa Kijerumani, kumpindua baba yake mbele ya Elsie kabisa. Angekuwa mtu wa kutafuta hela angeiuza hiyo siri. Elsie anafanya nini, anawakalisha baba na mwana mpaka wanaanza kuongea! Mama mkwe wa Charles naye anampenda mpaka anamchukua kwenda naye Westminster Abbey siku ya kutawazwa, na mle kanisani kamera inakaa usoni kwa Marilyn muda mrefu, haongei neno, machozi yanamlenga. Ukisema hajui kuigiza tazama dakika zile tu.

Jingine hamkuliandika kabisa, na kwangu ndo kubwa. Huyu Marilyn ndo alikuwa mwenye mali. Filamu ilitengenezwa na kampuni yake mwenyewe, Marilyn Monroe Productions, aliyoianzisha na mpiga picha Milton Greene baada ya kugombana na studio kubwa ya Hollywood iliyokuwa inampa nafasi za mrembo mjinga kila siku. Tamthilia iliyozaa filamu hii ni ya Terence Rattigan, Olivier alishaicheza jukwaani London 1953 na mke wake Vivien Leigh, kwahiyo Marilyn anaingia studio za Pinewood mwaka 1956 akiwa bosi wa kampuni alafu anaongozwa na Olivier huyohuyo, ambaye inasimuliwa alimwambia kazi yake ni kuvutia tu. Kuchelewa alichelewa kweli na aliwatesa wenzake, silifichi hilo. Ila Sybil Thorndike, mama wa miaka sabini na kitu aliyecheza kama huyo mama mkwe, mkongwe wa jukwaa kuliko wote mle, alimtetea, alisema huyu binti anaijua kamera kuliko sisi. Na Olivier mwenyewe alipokuja kuandika kitabu cha maisha yake miaka mingi baadae alikiri kwamba Marilyn ndo alikuwa bora kuliko wote. Waitalia walishampa tuzo ya David di Donatello kwa kazi hii zamani tu.

Mmeandika pia kwamba mwisho wake ni mbaya kwasababu hawaoani. Charles ana miezi 18 ya kukaimu, Elsie ana miezi 18 ya mkataba wa tieta, na kila mmoja anaenda kuimalizia kazi yake kwanza. Kazi ya mnenguaji na kazi ya mtawala zimepewa uzito mmoja, nyinyi mnasema mbaya!

Naomba mliondoe lile neno, mlisahihishe kwenye toleo lijalo, ukurasa uleule. Dada yangu bado yupo, ana miaka 54 na ni msomaji wenu wa kila Jumapili. Wiki iliyopita nililificha gazeti asilione.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam