Miyajima hupangwa kwa maji kujaa na kupwa

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Barua yako imefika, na nimefurahi mno kusikia kwamba wewe, mzee wako na Bi Mkubwa mmeamua kweli kuja Japani, na kwamba kisiwa cha Miyajima, karibu na Hiroshima, kimo kwenye safari. Umeuliza mengi kwa mpigo: visa, tiketi, malazi, chakula, na kama Bi Mkubwa ataweza kupanda mlima na magoti yake yale. Yote nitayajibu, ila naanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Jambo lenyewe ni maji.

Lile lango jekundu la hekalu la Itsukushima, torii kwa Kijapani, unaloliona kwenye picha likiwa katikati ya bahari, halizungukwi na maji saa zote. Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika ghuba ya Hiroshima hufika mita 4. Maji yakijaa, lango na hekalu zima huonekana vinaelea. Yakipwa, lango hubaki limesimama juu ya mchanga na tope, na watu hutembea hadi chini ya nguzo zake. Wageni wengi hawalijui hili. Wanashuka kivukoni saa ambayo treni imewafikisha, wanakuta maji yako nusu, hayajai wala hayajakauka, wanapiga picha na kuondoka. Wewe umekulia Tanga, bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, unavijua tangu utoto, kwa hiyo huna sababu ya kufika ovyo.

Jedwali la maji la Hiroshima hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Japani, na chama cha utalii cha kisiwani nacho hutoa la kwake kila mwaka. Siku nyingi zina namba nne, mbili za kujaa na mbili za kupwa, zote kwa sentimita. Shika 250 na 100. Maji yakifika 250 au zaidi, hekalu linaelea. Yakishuka hadi 100 au chini ya hapo, mnaweza kufika langoni kwa miguu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa kwenye saa tatu hadi saa tano asubuhi, hupwa kwenye saa tisa hadi kumi na moja alasiri, kisha hujaa tena usiku. Siku moja inakupa yote mawili. Siku za maji mafu kwa kawaida hayashuki kufikia 100, na hapo lango mtaliangalia kwa mbali tu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulikosa: majira ya baridi, yale maji yanayopwa sana hupwa usiku, na ya mchana hayashuki vya kutosha hata siku za bamvua. Kuanzia Machi mambo hugeuka, mchana ndio maji hukimbia mbali. Ndiyo maana nakushauri mje katikati ya Mei. Ile wiki ya sikukuu, kuanzia mwisho wa Aprili hadi Mei 5 hivi, Wajapani wote wako safarini, msiiguse. Juni mvua zinaanza. Agosti hadi Oktoba ni vimbunga, na miezi hiyo bahari yenyewe hupanda juu kuliko kawaida, hadi siku nyingine maji hufunika sakafu ya hekalu na watu huzuiwa kuingia kwa muda. Novemba, majani ya miti ya momiji yanapogeuka mekundu, ni pazuri kupita kiasi, lakini foleni zake si za kumsimamisha mtu mzima.

Sasa visa, maana hapa ndipo watu hujichanganya. Mtaomba ubalozi wa Japani Dar es Salaam. Visa ya kuingia mara moja huisha miezi mitatu tangu siku ilipotolewa, basi msiombe mapema mno. Kati ya wiki sita na nane kabla ya safari ni wakati mzuri. Mbali na picha na taarifa za benki, wanataka ratiba ya siku kwa siku, yaani tarehe, mji, jina la hoteli, anwani na simu yake. Ratiba yenye siku tupu huwapa maswali. Wekeni hoteli zinazokubali kughairiwa bila faini, na tiketi ya ndege iwe oda tu, msiilipie kabla visa haijatoka.

Ndege tafuteni ya kutua Osaka, uwanja wa Kansai, kupitia Doha au Dubai. Kutoka Tokyo hadi Hiroshima kwa treni ya mwendokasi, shinkansen, ni karibu saa nne, na nauli inakaribia yeni 20,000 kwa mtu. Kutoka stesheni ya Shin-Osaka, Osaka, ni saa moja na nusu, kwa nusu ya bei hiyo na kidogo zaidi. Ipo pasi ya JR, yaani reli za Japani, ya siku 5, Kansai-Hiroshima, ambayo tangu Oktoba 2023 iliuzwa yeni 17,000. Inabeba treni ya kutoka uwanja wa ndege, shinkansen hadi Hiroshima, treni ndogo na hata kivuko cha JR. Kwenda na kurudi peke yake kunairudisha gharama yake. Ile pasi ya nchi nzima ya siku 7 ilipanda hadi yeni 50,000 mwezi huohuo, na kwa safari yenu haiwafai. Mizigo nayo: sanduku ambalo urefu, upana na kina chake vikijumlishwa vinapita sentimita 160 linahitaji kiti maalumu cha nyuma ya behewa, kinachowekwa mapema bila malipo. Msipokiweka mtatozwa yeni 1,000 humo ndani. Njooni na masanduku madogo.

Hiroshima mtapanda treni ya JR njia ya San'yo, ile inayoelekea Iwakuni, na kushuka Miyajimaguchi baada ya dakika kama 27. Ipo pia tramu, lakini inakula zaidi ya saa nzima na Bi Mkubwa atachoka bure. Ukitoka stesheni, teremka moja kwa moja hadi gatini, ni mwendo wa dakika tano. Vivuko ni vya kampuni mbili, nauli ni sawa: yeni 200, na juu yake ushuru wa mgeni yeni 100 ulioanza Oktoba 2023. Ushuru huo hata wenye pasi wanaulipa. Chagueni cha JR, na mchana, kwa sababu kuanzia saa tatu na kidogo asubuhi hadi saa kumi na kidogo alasiri hupinda njia yake kupita karibu na lango. Simameni upande wa kulia mkienda. Safari nzima ni dakika 10, kwa hiyo msikae chini kutafuta simu kwenye mikoba.

Malazi: laleni kisiwani usiku mmoja. Hili nalisisitiza kuliko jingine lolote baada ya maji. Kisiwa hupokea wageni zaidi ya milioni 4 kwa mwaka, na karibu wote huja asubuhi na kuondoka kabla ya magharibi. Maduka hufunga kwenye saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo pwani inabaki ya waliolala. Lango huwashiwa taa tangu jua linapozama hadi saa tano usiku, na mkija siku za bamvua, maji yatakuwa yanajaa wakati huohuo. Asubuhi hekalu hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu, wakati vivuko vilivyojaa watu havijaanza kumimina. Lakini zingatieni: nyumba za wageni za kijadi hupiga bei kwa kichwa, si kwa chumba, na bei hiyo mara nyingi ina chakula cha jioni na cha asubuhi. Chukueni pamoja na chakula, kwa kuwa usiku mikahawa iliyo wazi ni michache sana. Semeni wakati wa kuweka nafasi, si mkifika, kwamba hamli nguruwe wala kitu chenye pombe, maana mchuzi wa kila siku wa Kijapani hutiwa sake na mirin, pombe za mchele, na jikoni wanahitaji muda wa kupanga. Ombeni pia chumba chenye vitanda kwa ajili ya Bi Mkubwa. Magodoro ya sakafuni yatamtesa kuinuka.

Chakula cha mchana kinachosifika ni anago, mkunga wa baharini aliyechomwa na kulazwa juu ya wali. Ni mtamu, ila ule mchuzi anaopakwa ndio wenye mirin, basi ulizeni kwanza. Chaza ni salama zaidi kwenu: Hiroshima hutoa zaidi ya nusu ya chaza wanaofugwa Japani, na pale mtaani huchomwa na gamba lake mbele yenu. Waambieni wawape na limau tu. Msimu wao hasa ni baridi, lakini hata Mei wapo. Keki ndogo za momiji zenye umbo la jani hujazwa maharage matamu ya azuki, na Bi Mkubwa atazipenda na chai.

Mkiwa langoni maji yamepwa, chukueni muda wa kuliangalia kwa karibu. Limejengwa mwaka 1875, na kabla yake yalikuwapo mengine kadhaa tangu zama za Taira no Kiyomori, mkuu wa ukoo wa Taira aliyelijenga upya hekalu mwaka 1168. Nguzo zake mbili kubwa ni magogo mazima ya mkafuri, na kila moja imeegemezwa na nguzo ndogo mbili. Halikuchimbiwa chini hata kidogo, limekaa tu juu ya msingi. Linaloliweka ni uzito wake, kama tani 60, na lile boriti la juu ni kasha lililojazwa mawe ya ukubwa wa ngumi, tani 7 hivi, ili mawimbi yasilisukume. Utaona makombe yamenata kwenye mbao hadi usawa ambao maji hufika. Mtakuta na sarafu zimepachikwa kwenye nyufa. Msipachike, na mtoto wa mtu mkimwona anapachika mkatazeni kwa upole. Zinapanua nyufa na kuoza ndani ya mbao, na lango limetoka kwenye matengenezo ya tangu 2019 hadi 2022. Miguuni vaeni viatu vya kufunga vinavyokubali maji, kwa sababu tope linavuta ndara. Nendeni saa moja kabla ya kupwa kabisa, mrudi maji yakianza kugeuka.

Ndani ya hekalu kiingilio ni yeni 300, njia ni ya kwenda mbele tu, haurudi nyuma. Angalia sakafu ya zile baraza: mbao zimeachiwa nafasi katikati makusudi, ili bahari ikiinuka maji yapenye juu badala ya kung'oa sakafu. Hakuna atakayewataka mwiname wala mpige makofi. Kupita kwa adabu na sauti ya chini kunatosha.

Mlima Misen una mita 535. Vibanda vinavyoning'inia kwenye waya huenda kwa awamu mbili, vile vidogo kwanza kama dakika 10, kisha kikubwa dakika 4, na tiketi ya kwenda na kurudi ni kama yeni 2,000. Watu hudhani vinafika kileleni. Havifiki. Kutoka kituo cha juu hadi kileleni ni nusu saa ya ngazi za mawe, mara juu mara chini, na kurudi ni hivyohivyo. Bi Mkubwa abaki kituo cha juu, bahari na visiwa anaviona palepale, nyinyi wawili mwendelee. Njiani mtapita banda lenye moto unaosemekana kuwaka tangu zama za mtawa Kobo Daishi, zaidi ya miaka 1,200, na ni miongoni mwa mioto iliyotumika kuwasha Mwenge wa Amani wa Hiroshima mwaka 1964. Bebeni maji ya kunywa toka chini. Upepo mkali au radi ikija, vibanda husimamishwa, na mara mbili kwa mwaka hufungwa kwa ukaguzi, kwa hiyo angalieni tarehe kabla.

Paa wapo kila kona, wanatembea kama mbuzi wa mtaani. Msiwalishe, na msiache karatasi yoyote nje ya mfuko: watakula ramani, tiketi, hata pasi yako ya treni. Ndiyo maana pia mapipa ya taka ni nadra, bebeni mfuko wa kurudi na taka zenu. Pesa taslimu zitoeni Hiroshima kwenye mashine za maduka ya 7-Eleven, zinazokubali kadi za nje. Umeme wao ni volti 100 na plagi ya pini mbili bapa. Chaja za simu zitakubali kwa adapta, pasi yako ya nywele haitapata moto.

Niletee tarehe mbili au tatu mnazoweza kusafiri kabla hamjalipa chochote. Nitazipanga na jedwali la maji, kisha tutaweka chumba cha kisiwani kwanza, na siku nyingine zote, Osaka na Hiroshima, zitafuata hapo. Msalimie mzee wako, na Bi Mkubwa mwambie aanze kutembea jioni ufukweni angalau nusu saa, kutoka gatini hadi hekaluni ni robo saa ya miguu na hakuna bajaji.

Wasalaam,
shoga yako Mwanaisha