Risala ya wanafunzi wa ufundi kwa Mgeni Rasmi: Mapanga ya kinu cha upepo cha mhimili wima

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana.

Tunakukaribisha kwenye maonyesho yetu na tunakushukuru kwa kukubali mwaliko. Kinu utakachokiona karakanani kina mapanga matatu yaliyosimama wima, kimo mita 2 na kipenyo mita 2. Hakihitaji kugeuzwa upepo unapobadili uelekeo, na jenereta yake hukaa chini, ambako fundi huifikia bila kupanda mnara. Sifa hizo zinajulikana tangu Mfaransa Georges Darrieus alipobuni vinu vya aina hii miaka ya 1920. Kazi kubwa iliyobaki iko kwenye panga lenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, panga wima halipigwi na hewa kwa pembe moja. Katika kila mzunguko pembe hupanda, hurudi sifuri, kisha huhamia upande wa pili. Ukubwa wake hutegemea panga linakimbia mara ngapi ya kasi ya upepo. Likikimbia mara 5, pembe haizidi nyuzi 12 hivi. Mara 3, hukaribia nyuzi 20. Mara 2, hufika 30. Nalo panga dogo huanza kushindwa kwenye nyuzi 12 hadi 15: hewa hubanduka mgongoni mwake, nguvu ya kunyanyua, ndiyo inayozungusha kinu, huporomoka na ukinzani wa hewa hupanda. Ndiyo sababu vinu vingi vidogo hutikisika, au havianzi kuzunguka mpaka visukumwe. Lawama huangukia jenereta, maskini, isiyo na hatia.

Kwa hiyo tunapendekeza umbo nene la NACA 0018, si 0012 ambalo ni jembamba na hushindwa mapema kwenye upepo hafifu. NACA ilikuwa kamati ya Marekani ya usafiri wa anga iliyoorodhesha maumbo ya mkato wa bawa, na 18 ni unene kwa asilimia ya upana. Panga lenye upana wa sentimita 20 huwa na unene wa sentimita 3.6, na sehemu nene kuliko zote iko sentimita 6 kutoka ukingo wa mbele. Upana nao una mipaka. Ukiupunguza sana, hewa hubanduka upesi zaidi. Ukiuzidisha, kinu huanza kwa urahisi lakini hakifikii kasi nzuri, nasi tunarudi kwenye zile pembe kubwa.

Uharibifu mwingi hutokea wakati wa kuunda. Bati la alumini likikunjwa kwa haraka, ukingo wa mbele huwa mkali badala ya mviringo, na ukingo wa nyuma hubaki mnene palipopigwa ribiti. Panga likaguliwe kwa kiolezo kila baada ya sentimita 25, pande zote mbili. Wakati wa kufunga, ukingo wa mbele ukitazama nje kwa nyuzi 2 hivi mara nyingi husaidia. La muhimu zaidi ni mapanga yote matatu yawe na pembe ileile, maana moja likitofautiana mtikisiko hujirudia kila mzunguko.

Mikono inayoshika mapanga hupuuzwa mno. Bomba la mviringo au chuma bapa hula nguvu ambayo panga limekwisha kuivuna, hivyo mikono nayo ipewe umbo la bawa. Kwa panga la mita 2, ishike sentimita 41 kutoka kila ncha. Hapo mkazo wa kupinda ndani ya panga huwa mdogo kuliko popote pengine. Bolti zipenye hadi kwenye kiunzi cha ndani, gundi peke yake haitoshi. Panga la kilo 1.5 likienda mita 18 kwa sekunde huvutwa nje kwa nguvu ya niutoni 486, sawa na uzito wa kilo 50. Kasi ikiongezeka maradufu, huwa karibu kilo 200.

Wapo wanaopenda mapanga yaliyosokotwa. Ni kweli hutuliza mtikisiko, lakini yanadai kalibu ngumu kutengeneza, na hayamwokoi fundi aliyekosea umbo la mkato. Tungeanza na yaliyonyooka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni vifaa vya kupimia. Upepo wa mita 6 kwa sekunde ukipita kwenye eneo la kinu hiki hubeba wati 530 hivi. Kanuni ya Betz, mwanafizikia wa Kijerumani, hairuhusu kinu chochote kuvuna zaidi ya asilimia 59.3, na kinu kidogo kinachotoa robo, yaani wati 130, kimefanya kazi nzuri. Lakini nguvu hufuata kipeo cha tatu cha kasi ya upepo: kipimaupepo kikikosea kwa asilimia 10, hesabu ya nguvu hukosea kwa asilimia 30 hivi, na panga bovu linaweza kusifiwa. Tunaomba kipimaupepo kilichosawazishwa, kipimo cha nguvu ya kuzungusha kwenye shafti, na breki ya kubadilishia mzigo wakati wa majaribio.

Tunaomba kuwasilisha.