Kabla Hujaketi na Mhitimu

Boston, Marekani
Desemba

Mpwa wangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, na natumai nyote hapo Likoni mu wazima. Habari kwamba mhitimu wa chuo cha Marekani ulichoomba kujiunga nacho amekuita kwa mahojiano mkahawani karibu na Fort Jesus imenifurahisha mno, na kwa kuwa nami hujitolea kuwahoji wanaoomba kujiunga na chuo nilichosoma, nakuandikia kama muulizaji, si kama mjomba tu.

Mfahamu kwanza anayekuja. Si mwajiriwa wa chuo, halipwi, na kwa kawaida haonyeshwi alama zako wala insha ulizotuma. Hawezi kukupitisha wala kukuangusha. Baada ya mazungumzo ya nusu saa hadi saa nzima ataandika ripoti fupi, nayo itasomwa pamoja na faili lako na wale wanaochagua wanafunzi. Basi kazi yako ni kumpa cha kuandika.

Hapa ndipo vijana wetu wa Pwani wanapokwama, na jambo hili hunisikitisha. Tumelelewa kwamba mbele ya mkubwa kijana huinamisha macho, hujibu kwa ufupi na hajisemi, na malezi hayo siyadharau hata kidogo. Lakini nimewahi kuketi na kijana mwenye akili nyingi aliyenijibu "ndiyo" na "vizuri" mpaka muda ukaisha, nami nilipotaka kuandika sikuwa na la kusema juu yake. Kueleza kwa ukweli ulilolitenda si kujisifu. Ukiulizwa unapenda nini, usijibu kwamba unapenda biashara na uongozi, maana hayo husemwa na kila mtu. Mweleze lile daftari la madeni la duka la babako hapo Marikiti: jinsi ulivyolikuta majina yameandikwa juu ya majina, ukalipanga upya kwa tarehe, ukagundua kwamba wanaokopa iliki na mdalasini za matumizi ya nyumbani hulipa mwisho wa mwezi, ilhali wanaokopa viungo vya harusi hawalipi mpaka wakumbushwe. Mweleze pia babako alisema nini, hata kama mwanzoni alikataa. Usikariri majibu, na usilolijua sema hulijui.

Nawe uwe na maswali ya kweli. Muulize ni mwalimu gani aliyembadilisha mawazo, alikaa wapi mabweni yalipofungwa likizoni, na kama lipo analolijutia. Suala la karo usimpelekee yeye, kwani hana mkono katika misaada ya fedha. Vyuo vya Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst huamua nani aingie bila kutazama uwezo wa familia yake kulipa karo, hata akiwa mwanafunzi wa kigeni. Vyuo vingi vingine huutazama, kwa hivyo soma masharti ya kila chuo ulichoomba na uulize ofisi yao ya misaada.

Mamako mfikishie salamu zangu, na umwombe kwa heshima asimpelekee mhitimu huyo mahamri wala kikapu cha maembe. Najua ukarimu wa dada yangu, lakini zawadi kutoka kwa mwombaji humtia muulizaji mashakani. Babako akusindikize mpaka mlangoni, kisha akungoje nje, maana mzazi haketi katika mazungumzo hayo. Na yeyote atakayekudai ada ya mahojiano usimlipe, kwa sababu hayana malipo.

Nguo safi ya kawaida yatosha. Vuka feri mapema, kwani foleni ya Likoni waijua vyema kuliko mimi. Usiku huohuo mwandikie ujumbe mfupi wa shukrani, ukitaja jambo moja mlilozungumza.

Jumamosi, baada ya swala ya Isha ya huko kwenu, nitakupigia simu tufanye mazoezi, nami nitakuuliza kama mtu asiyekujua kabisa.

Wasalaam,
Mjomba wako