Mwigizaji bora hupimwa kwa nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya orodha ya waigizaji kumi bora wa filamu wa nyakati zote iliyochapishwa hivi karibuni katika gazeti lako. Orodha ile imetugombanisha. Katika kijiwe chetu cha kahawa hapa Magomeni, ambako kwa kawaida ubishi huwa ni wa Simba na Yanga, kwa jioni tatu mfululizo wazee na vijana wamebishana mpaka kahawa ikapoa vikombeni, hawa wakisema Daniel Day-Lewis hastahili kuwekwa juu ya Denzel Washington, wale wakiuliza kama Amitabh Bachchan ameachwa kwa kusahauliwa au kwa dharau. Mimi sina ugomvi na majina yaliyomo. Ugomvi wangu ni na kipimo, kwa kuwa mwandishi wako, ingawa hakusema waziwazi, amehesabu tuzo za Oscar na hesabu hiyo akaiita ubora.

Tuzo hizo zilianza kutolewa mwaka 1929, na wanaozipigia kura ni watu wa tasnia ya filamu wenyewe, wengi wao wakiwa wa Hollywood. Si dhambi watu kuwazawadia wenzao wanaowafahamu. Ni kweli pia kwamba Katharine Hepburn alizipata nne kwa uigizaji, idadi ambayo hakuna aliyeifikia, na kwamba Day-Lewis ndiye mwanamume pekee mwenye tatu za mwigizaji bora katika nafasi ya mhusika mkuu. Lakini Peter O'Toole aliteuliwa mara nane asishinde hata mara moja, akaishia kupewa tuzo ya heshima mwaka 2003, na Charlie Chaplin, ambaye hata mtoto wa chekechea akionyeshwa kivuli cha kofia na bakora yake ataanza kucheka, hakuwahi kushinda ile ya mwigizaji bora. Sidney Poitier aliipata mwaka 1964. Mwanamume mweusi wa pili kuipata ni huyohuyo Denzel tunayembishania, mwaka 2002. Kati yao ni miaka 38. Anayetaka kuamini kwamba kwa miaka yote hiyo hapakuwa na mweusi hata mmoja aliyewashinda wenzake kwa kuigiza, na aamini. Mimi nimefundisha hisabati kwa muda mrefu, na jibu likitoka la ajabu namna hiyo hurudi kuikagua kanuni iliyotumika.

Sisi wa Dar es Salaam tuna kipimo kingine, ambacho hatukukitafuta bali tulikipata kwa kukosa. Kwa miongo mingi watu wa jiji hili walitazama filamu katika lugha wasizozijua. Katika majumba kama Avalon, Empire na Odeon, na kule kwenye sinema ya magari ya Msasani, mahali ulipo sasa ubalozi wa Marekani, picha zilikuwa za Kihindi na za Kiingereza, na wengi wetu tuliokata tiketi hatukuelewa hicho wala hicho. Hatukurudi nyumbani mikono mitupu, hata hivyo. Tulirudi na kile mwigizaji alichokifanya kwa mwili wake.

Nitoe mfano wa nyumbani kwetu. Shangazi yangu, aliyekuwa akiishi Ilala, hakujua Kihindi zaidi ya maneno mawili matatu ya nyimbo, lakini picha ya Kihindi haikumpita. Alipoiona Sholay, ile filamu ya mwaka 1975 ambayo wapenzi wa sinema wa rika langu hawahitaji kuelezwa, alitusimulia uani huku akichambua mchele. Nasi watoto tulisubiri farasi, bunduki na majambazi. Yeye akaanza na mjane, yule aliyeigizwa na Jaya Bhaduri, ambaye usiku hupita barazani kwa mkwewe akizima taa moja baada ya nyingine, wakati Amitabh ameketi upande wa pili akipuliza kinanda cha mdomo. Shangazi aliweka ungo chini, akainuka, akajitanda vizuri khanga yake, akatuonyesha: mkono unaokwenda polepole kwenye utambi, shingo inayoanza kugeuka kumwelekea yule mwanamume, kisha inasita nusu ya safari na kurudi. "Yule mjane hasemi," alituambia, "lakini mie nimemsikia." Miaka mingi baadaye niliitazama filamu hiyo yote nikiwa na tafsiri chini ya picha, nikagundua kwamba shangazi alikuwa amekosea kiini cha ugomvi na nusu ya majina. Ile shingo aliipatia barabara.

Katika filamu hiyohiyo yumo Sanjeev Kumar, aliyekuwa hajafikisha miaka 40 na bado akaigiza bwana mkubwa mwenye mvi, aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi, hivyo kwa sehemu kubwa ya picha amejifunika shali mabegani na hana cha kuigizia isipokuwa uso. Wengi mtaani kwetu walitoka wakimsifu Amitabh. Sishangai, kwa kuwa alikuwa mrefu, kijana, na alikufa vizuri. Ila ukinitaka nimtaje mtu aliyefanya kazi ngumu kuliko wote pale, nitamtaja huyo asiye na mikono.

Kizazi kilichofuata kilisomea shule hiyohiyo katika mabanda ya video. Mkalimani aliketi kando ya televisheni na kipaza sauti, akaizima sauti ya filamu pale alipotaka kueleza jambo, akawapa wahusika maneno ya mitaani kwetu, na hayati Lufufu aliyapandisha hayo hadi yakawa sanaa yenye mashabiki wake. Sasa fikiri, Ndugu Mhariri, mwigizaji anabakiwa na nini akishanyang'anywa sauti yote na kuvikwa ya mtu mwingine? Wengi hawakubakiwa na kitu. Bruce Lee alibaki. Alifariki mwaka 1973 akiwa na umri wa miaka 32, filamu alizozishika kama mhusika mkuu zikiwa chache za kuhesabika kwa vidole, na bado katika mabanda yetu alikuwa hai miaka 30 baadaye. Watu hudhani ni mateke. Mateke walikuwa nayo wengi. Itazame ile sura yake baada ya kumkanyaga adui aliye chini, inavyojikunja na kutetemeka kama ya mtu anayezuia kilio, utaona kwamba anamuua mtu na anaumia kwa kumuua, na hilo hakuna mkalimani aliyelitia wala angeweza kulitoa.

Siwatetei watazamaji wa banda kwa kila jambo. Walikuwa na ugonjwa, ambao mwandishi wako naye anao, wa kumchanganya mwigizaji na stelingi. Stelingi ni yule ambaye hafi, na akifa watu huona wameibiwa kiingilio. John Wayne alikuja Tanganyika kuigiza Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, akawakimbiza vifaru kwa gari huku Arusha, na hakuna anayebisha kwamba alikuwa stelingi wa kweli. Lakini mvishe kofia yoyote na umpeleke jangwa lolote, anayekuja mbele yako ni John Wayne yuleyule. Hilo ni jambo la kupendwa. Sidhani kama ni uigizaji, na yeye wa saba katika orodha yenu amenishangaza.

Kufikia hapo nilijiona nimeshinda kijiweni. Ndipo kijana mmoja fundi wa simu, ambaye muda wote alikuwa ameinamia bisibisi yake, aliponiambia bila kuinua kichwa, "Shikamoo mwalimu, kwa kipimo chako hicho Mzee Majuto hayumo." Nilimwitikia marahaba, kisha nikamaliza kikombe kizima bila jibu.

Kijana yuko sahihi kuliko nilivyopenda. Hayati Amri Athumani, Mzee Majuto wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018, ulimi ndio uliokuwa jembe lake. Alijua kulivuta neno la kawaida mpaka likawa tusi lisiloshitakiwa, kujibu swali kabla halijaisha, na kunyamaza mahali ambapo Mswahili yeyote anajua ni jibu gani linalofuata, kisha akalitoa jingine. Mzimie sauti, mwendo wake na macho yake yatakuchekesha, lakini umempoteza nusu, na pengine nusu iliyo kubwa. Kwa hiyo nimelazimika kukiri kwamba kipimo cha shangazi kinafaa kwa aina moja ya waigizaji tu. Wapo wengine ambao ubora wao umefungiwa ndani ya lugha yao, na hao hawawezi kupimwa ila na wenye lugha. Mpiga kura wa Hollywood hana namna ya kumhukumu Majuto. Mimi nami, kwa haki hiyohiyo, sina mamlaka ya kusema O'Toole alikitamka vipi Kiingereza chake, hata kama nimelalamika juu ya zile mara nane.

Wapo waliomtaja Steven Kanumba. Nilikuwapo Leaders Club Aprili 2012 tulipomuaga, na umati ule uliomsindikiza hadi makaburi ya Kinondoni sijauona tena kwa msanii. Alikuwa na miaka 28. Ninavyoona mimi, alikuwa bado anajifunza, na alikuwa anajifunza kwa kasi. Kumweka katika kumi bora wa dunia ni kumpa sifa ambayo hakuishi kuidai, ingawa ukiniuliza nani aliwafanya vijana wa Tanzania waamini kwamba uigizaji wa filamu ni kazi ya mtu mzima, sitataja mwingine.

Na orodha yangu? Wa kwanza ni Chaplin, na hapo sitetereki, kwa kuwa aliigiza bila sauti kwa watu wa lugha zote na wote wakaelewa njaa ni nini. Toshiro Mifune wa Japani namweka karibu naye, japokuwa nilimjua uzeeni. Sanjeev Kumar nimeshamsema. Day-Lewis namkubali, na ninawaomba radhi wenzangu wa kijiweni, kwa sababu ya filamu ya My Left Foot ya mwaka 1989, ambamo anamwigiza Christy Brown, mwandishi na mchoraji wa Ireland aliyezaliwa na ulemavu akawa anautawala mguu wake wa kushoto tu. Maneno yanamtoka kwa taabu hata Mwingereza analazimika kutega sikio. Hapo alinyimwa ulimi kama mkalimani alivyomnyima Bruce Lee, na kilichobaki kilitosha. Hiyo ndiyo sababu, si zile tuzo tatu. Denzel atanisamehe, naye yumo, nafasi ya sita au ya saba, pale mlipomweka Wayne.

Ombi langu kwako ni moja: safari nyingine mwandishi wako akituletea orodha ya namna hii, aandike juu kabisa amepima kwa nini, ili tujue tunabishana juu ya nini. Kuhusu Mzee Majuto hatujafikia mwafaka. Fundi wa simu ameahidi kuja na filamu yake moja Jumamosi baada ya alasiri, na tumekubaliana tuitazame mara mbili, mara ya kwanza bila sauti.

Wako,
Mwalimu mstaafu, msomaji wako wa miaka mingi,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam